Naomba ushauri: nipande kayinja kwa ajili ya ukame?

Habari wakuu. Nina ekari moja na nusu ya migomba Karagwe, ndizi zetu za kupika. Kiangazi kilichopita majani yalivunjika yakaning'inia, na mikungu mingi ilitoka na vichana vinne tu, vidole kama vya mtoto. Lakini mashina matatu ya kayinja, aina nyingine ya ndizi, yaliyo mpakani mwa shamba yalibaki kijani. Jua likiwa kali yanakunja majani kama mwavuli, jioni yanafunguka.

Nimesoma kidogo. Ndizi zetu ni AAA: seti zote tatu za kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) zinatoka kwa mgomba mwitu Musa acuminata. Kayinja ni ABB, seti mbili ni za mgomba mwitu mwingine, Musa balbisiana (ndiyo B), na ndizi zenye B kwa kawaida huvumilia ukame zaidi. Udongo ukikauka, mmea hutengeneza homoni, asidi ya absisiki, inayoamuru vitundu vya majani vifungwe maji yasipotee.

Kinachoninyima usingizi ni ugonjwa wa mnyauko. Kayinja huupata upesi, wadudu wanaubeba hadi kwenye ua dume (lile linaloning'inia mwishoni mwa mkungu), na ukishaingia shambani unahamia hata kwa migomba mingine. Tena ni ndizi ya juisi na pombe, mama hawezi kuipika.

Je, nikiondoa ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, inatosha? Au nibaki na ndizi zangu niongeze matandazo? Na kuna aliyepata ndizi ya kupika inayostahimili kiangazi? Machipukizi nataka kuyang'oa kabla ya mvua za Septemba.