Sijasoma uhandisi, nataka kuwa mtu wa maikrokontrola. Naombeni ushauri

Fundi_Mpya: Wakuu, habarini. Nimesomea uhasibu, darasa la uhandisi sijawahi kuingia. Nina bodi ya ESP32, maikrokontrola (chipu iliyo kompyuta ndogo) yenye WiFi: nimewasha taa, nimesoma kitufe kwenye pini 34, nimeendesha rilei (swichi inayowashwa kwa umeme). Niendelee na lugha ya MicroPython au nihamie lugha ya C? Na bila cheti nitaaminika? Usingizi sipati.

Kalamu_Nzito: Hamia C. Bodi ya Arduino Uno R3 ina RAM ya kilobaiti 2 tu, MicroPython haiingii humo. Ukizielewa pointa (anwani za kumbukumbu) na biti, chipu nyingine hazitakutisha.

Mzee_wa_Risasi: Mimi nilianza kwa kufungua redio mbovu. Cheti sina, na wenye digrii huniletea saketi zilizoungua. Vijana mnapenda mkato: datashiti (maelezo ya chipu kutoka kiwandani) hamsomi, mnabishania lugha!

dada_mizunguko: Mleta uzi, anayejifunza kwa kupenda hakosi usingizi. Hiyo rilei inawasha nini?

Fundi_Mpya: Pampu ya maji. Kuna mteja nimeshapokea malipo yake ya awali, nimtengenezee kidhibiti cha tangi. Nakabidhi wiki ijayo. Shida ni kwamba pampu ikiwaka tu, bodi inajizima na kuanza upya. Msinishauri nirudishe hela, imeshanunua vifaa, na programu imekamilika.

Kalamu_Nzito: Kumbe! Sasa C ya nini tena hapo?

Jicho_Kavu: Hii chai. Pini 34 hadi 39 za ESP32 ni za kuingiza tu na hazina rezista ya ndani ya kushikilia pini isielee. Kitufe chako kingesoma ovyo ovyo. Hadithi umeiokota.

Fundi_Mpya: Mkuu, rezista ya kilo-omu 10 nimeiweka nje, kutoka pini kwenda volti 3.3, kitufe kikaenda graundi. Na kwenye skrini inatoka "Brownout detector was triggered". Hiyo nayo nimeiokota?

Jicho_Kavu: Basi nafuta kauli. Volti inashuka hapo.

dada_mizunguko: Rilei na bodi zinatumia adapta moja?

Fundi_Mpya: Moja, ya simu ya zamani.

dada_mizunguko: Koili ya rilei ikivuta wakati WiFi inarusha, adapta dhaifu inazidiwa. Tafuta yenye nguvu, weka kapasita (inahifadhi umeme kidogo) karibu na pini ya umeme ya bodi. Kama rilei ni tupu, haiko kwenye moduli, koili iwekewe daiodi (inapitisha umeme upande mmoja tu), maana ikikatwa inarudisha volti kubwa ya kinyume. Nyaya za pampu nani kafunga?

Fundi_Mpya: Mimi mwenyewe. Zimekaza vizuri, sioni haja ya fundi umeme.

dada_mizunguko: Kwenye volti 3.3 ukikosea unaunguza chipu. Kwenye umeme wa ukutani anakufa mtu, na ni mteja wako. Mwite fundi.

Mzee_wa_Risasi: Hapo namuunga mkono. Mimi umeme wa ukutani umewahi kunitupa chini.

Fundi_Mpya: Nimebadilisha adapta, pampu inawaka na bodi haizimi. Mteja nimemwomba aniongezee siku, fundi anakuja kesho.

Jicho_Kavu: Tupia picha ya ndani ya boksi kabla hajalifunga.