Naomba ushauri: kufuga fereti wawili kwa kipato kidogo

Habari zenu, wapenzi wa wanyama. Ninaishi Leeds, Uingereza, na ninakusudia kuchukua fereti wawili, jamaa wa kicheche, dume na jike. Chakula hakinitishi, kwani wao hula nyama tu, na shingo na firigisi za kuku hupatikana kwa bei nafuu. Kinachonisumbua ni gharama za daktari wa mifugo: jike asiyepandwa hubaki kwenye joto (hali ya kutaka dume) kwa muda mrefu, hali inayoweza kumletea upungufu wa damu na hata kifo.

Je, kwa fedha chache, ni bora kumwekea kipandikizi cha homoni cha kuzuia joto hilo, kumfunga uzazi kwa upasuaji, ingawa upasuaji huo huhusishwa na ugonjwa wa tezi za adrenali (tezi ndogo zilizo karibu na figo), au kuchukua madume wawili waliohasiwa? Waliowahi kuwafuga, nawaomba sana mwongozo wenu.