Msaada wakuu: mtoto anabanwa na pumu, pampu naona haimsaidii

Mama Kulwa
Habari za jioni wakuu. Kulwa wangu ana miaka 6, tunakaa Kirumba. Juzi usiku kifua kilimbana, filimbi unaisikia ukiwa mlangoni. Nikampulizia ile pampu ya bluu mara mbili mdomoni, nusu ikatokea puani kama moshi wa sigara. Wapi! Saa nane usiku tuko kwenye bodaboda, hospitali wakamwekea mashine ya mvuke ndipo akatulia. Sasa mama mkwe anasema pampu nisimzoeshe, hataiacha. Nifanyeje?

Baba Doto
Mkwe ana hoja. Mchue kifua na mafuta ya karafuu tu.

Nesi Mstaafu
Baba Doto, karafuu weka kwenye pilau.
Mama Kulwa, pole. Huo moshi wa puani ndio jibu lako: dawa haikufika kifuani. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako kwa waya wa moto, tundu liubane mdomo wa pampu bila kulegea. Ioshe kwa sabuni, usiifute, ijikaukie. Mtoto akae wima, abane mdomo wa chupa kwa midomo yake. Tikisa pampu, bonyeza MARA MOJA, apumue taratibu mara tano humo humo. Ndipo urudie. Akibanwa kweli mbili ni chache. Mpe moja moja hata zifike kumi. Asipopata nafuu, hospitali, na njiani endelea kumpa.
Midomo ikigeuka rangi, mbavu zikizama, akishindwa kumaliza sentensi au akisinzia, usihesabu, ondoka. Na filimbi ikinyamaza ghafla huku bado anahangaika, usishangilie. Hewa haipiti.
Kuhusu kuzoea: hazoei. Ila akiihitaji kila wiki, muulize daktari ile ya kuzuia, inayovutwa kila siku hata akiwa mzima. Akishavuta asukutue mdomo.

Mtu wa Igombe
Jikoni je? Sisi tulihamisha jiko la mkaa nje, na dawa ya mbu ya kuchoma tukaacha. Usiku wa filimbi ulipungua.

Mama Kulwa
Asanteni. Chupa ya kwanza nimeiharibu, tundu kama la panya. Ya pili imekaa. Kulwa anaiita tarumbeta, na mkwe ndiye aliyemshikia.