Kiwanja cha basketi nyuma ya nyumba: betoni, udongo wa kichuguu au vigae vya plastiki?

Baba wa Kalebuka (Lubumbashi)
Jambo zenu. Nyuma ya nyumba, lupango (eneo letu lenye ukuta) imebakiza mita 14 kwa 11. Hakuna kitu pale isipokuwa mwembe kwenye kona na kichuguu tulichobomoa mwaka jana. Kijana wangu ana miaka 14, anacheza basketi barabarani huku magari yanapita, na dada zake wawili wanapenda badminton. Nataka wachezee ndani ya ukuta, mama yao akiwaona. Nimeshauriwa mambo matatu: kumwaga betoni, kushindilia udongo wa kichuguu, au kuagiza vile vigae vya plastiki vinavyoshikana. Pesa yangu si nyingi. Mwenye uzoefu anisaidie kabla sijamwita fundi.

Fundi wa Kasapa (Lubumbashi)
Baba, mimi naanza na maji, maana ndiyo yanayoua viwanja hapa kwetu. Kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua haituachi, na sakafu iliyolala sawa kabisa inageuka kidimbwi. Ipe mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, jicho halitauona na mpira hautausikia.

Sasa hesabu. Eneo lako lote ni mita za mraba 154. Betoni ya unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 15.4. Ukiweka kilo 350 za simenti kwa kila mita ya ujazo, yaani mifuko 7 ya kilo 50, unafika mifuko 108, na hapo bado mchanga, kokoto na nondo. Ukipunguza kiwe mita 10 kwa 9, mifuko inashuka mpaka 63. Bei ya mfuko uliza wiki utakayonunua, si leo.

Kata viungo, yaani mistari ya kuigawa betoni, kila mita 3, la sivyo betoni itajipasulia inapotaka. Mwaga kati ya Mei na Agosti, lakini ujue upepo wa kiangazi unaikausha haraka mno: ifunike na magunia yaliyolowa, mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau. Nguvu yake tunaihesabu kwenye siku ya 28. Na kabla ya yote, fosi yako (shimo la maji ya choo) iko wapi? Nimeshaitwa kuvunja sakafu mpya kabisa kwa sababu mfuniko wa fosi ulikuwa chini yake.

Kocha wa Kamalondo (Lubumbashi)
Yaya, pima mchezo kwanza. Kiwanja cha 3x3, yaani watatu kwa watatu kwenye ringi moja, ni mita 15 kwa 11, kwa hiyo lupango yako inakaribia sana. Ringi inakaa mita 3.05 kutoka chini. Wadogo wa mini-basketi wanatumia 2.60. Ukienda na kile cha 10 kwa 9, mstari wa pointi tatu, ambao uko mita 6.75 kutoka ringi, utaingia mbele lakini kwenye pembe hautaingia. Kwa kijana wa miaka 14 mimi sioni shida. Afanye mtupo huru mia kila jioni na kazi ya miguu. Hivyo vyote vinaenea pale.

Badminton kamili ni 13.40 kwa 6.10. Kwenye mita 14 zako, nyuma ya kila mchezaji inabaki sentimita 30, watagonga ukuta. Wachoree kifupi.

Udongo wa kichuguu usiudharau. Australia wametengeneza viwanja vya tenisi kwa udongo huo miaka mingi. Unapondwa, unachekechwa, unaloweshwa, unashindiliwa kwa tabaka. Ukikauka unakuwa mgumu kama tofali. Ila mvua ikinyesha mnasubiri, na kila mwaka unaurudia. Badminton haihitaji kudunda, basketi ndiyo inayolia ikikosa sakafu ngumu.

Mama Himbi (Goma)
Sisi huku tuko juu ya mawe ya volkano, maji yanazama yenyewe, lakini shimo la nguzo lilitula siku mbili na mtaimbo. Tulimwaga betoni na tukaisawazisha laini mno. Ikilowa, watoto walianguka kama wako kwenye sabuni. Mwambie fundi aisugue kwa ufagio kabla haijakauka. Na nguzo tumeizungushia godoro la zamani.

Mkaaji wa Nguba (Bukavu)
Maji ya kiwanja changu yaliteremkia kwa jirani, tukagombana mwaka mzima mpaka nilipochimba mfereji. Chimba wako kabla ya sakafu.

Fundi wa Kasapa
Mama Himbi amesema kweli. Kuhusu vigae: vinataka sakafu ngumu iliyonyooka chini yake, kwa hiyo ukivinunua unalipa mara mbili. Uzuri wake ni goti la mtoto, na vile vyenye matundu vinapitisha maji. Jua linavitanua, usivibane na ukuta. Fanya betoni leo, vigae vitakuja siku nyingine bila kuvunja kitu.

Baba wa Kalebuka
Aksanti sana wote. Nimepima leo na kijana, alishika kamba mwenyewe bila kuambiwa. Fosi iko upande wa jikoni, mbali. Nachukua betoni ya 10 kwa 9, mbali na mizizi ya mwembe, na pembeni nashindilia udongo wa kichuguu usawa uleule ili mtu asijikwae. Badminton itakuwa fupi, juu ya betoni. Mfereji unaanza Jumamosi. Nguzo niiweke kabla ya kumwaga au baada?

Fundi wa Kasapa
Kabla. Shimo la mita 1, nje ya mstari wa nyuma, na mkono wa chuma uulete ubao mita 1.20 ndani ya kiwanja, ili akiruka asiiparamie nguzo. Za wavu wa badminton zika vipande vya tiyo (bomba) tu: mtachomeka nguzo mkicheza, mtazitoa mkimaliza. Vifunike midomo siku ya kumwaga.