MJADALA: Nondo wa Manchester abaki kwenye vitabu vya Kidato cha Nne, au aondolewe?

Mtoa hoja

Wakuu, vitabu vyetu vya biolojia vya sekondari, Kenya na Tanzania, vinafundisha uteuzi asilia (wanaofaa mazingira huishi na kuzaa zaidi) kwa kumtumia nondo wa Uingereza, Biston betularia. Wa madoadoa alijificha asionwe na ndege kwenye magome yenye likeni (viumbe kama ukoga vinavyoota juu ya miti), viwanda vikaleta masizi, likeni zikafa, nondo mweusi akatamba. Mimi nasema aondolewe. Mtafiti Mwingereza Bernard Kettlewell alipofanya jaribio lake la kuwaachia nondo wenye alama na kuwanasa tena waliopona, karibu na mji wa viwanda wa Birmingham mwaka 1953, aliwaweka nondo kwenye miti mchana, ilhali nondo huyu huruka usiku na hujichagulia pa kutua. Tena picha nyingi za vitabuni ni za nondo waliokufa, wamebandikwa kwenye gome. Mwanafunzi akiligundua hilo peke yake, ataamini nini tena?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, kasoro hizo ni za kweli, ila hazitufikishi kwenye kumwondoa. Tazama hesabu. Birmingham waliachiwa weusi 447, wakanaswa tena 123, yaani 27.5%. Wa madoadoa waliachiwa 137, wakanaswa 18, yaani 13.1%. Ungeweza kusema labda weusi huvutwa zaidi na mtego. Sawa, lakini mwaka 1955 Kettlewell alirudia jaribio Dorset, kusini mwa Uingereza, kwenye msitu usio na masizi. Wa madoadoa 496, wakanaswa 62 (12.5%). Weusi 473, wakanaswa 30 (6.3%). Kama mtego ndio ungependelea weusi, ungewapendelea na Dorset pia.

Suala la kutua nalo lilishughulikiwa. Mtafiti Michael Majerus wa Chuo Kikuu cha Cambridge alitumia nondo 4,864 kati ya 2001 na 2007. Jioni aliwaachia ndani ya wavu uliofunika tawi, kila mmoja akajitafutia pa kutulia usiku. Kabla ya alfajiri aliondoa wavu, halafu saa chache baada ya jua kuchomoza akahesabu nani hayupo, huku akiwatazama ndege kwa darubini. Hewa ilishakuwa safi, kwa hiyo safari hii mweusi ndiye aliyeonekana: nafasi yake ya kuishi siku moja ilikuwa pungufu kwa takriban 9%. Alipanda pia mitini kuwatafuta nondo waliotua wenyewe. Kati ya 135, zaidi ya nusu walikuwa kwenye matawi na kama theluthi moja kwenye vigogo. Kwa hiyo kigogo si uongo, ila si makao yao makuu. Majerus alifariki 2009, na wenzake wakachapisha data hizo 2012.

Mchangiaji wa pili

Kosa linaloniumiza zaidi liko kwenye majibu ya mtihani: "Masizi yalimfanya nondo awe mweusi." Hapana! Mkanganyiko unaeleweka, kwa sababu kiwavi wa nondo huyu kweli hubadili rangi kufuata kijiti alichokalia. Rangi ya nondo mzima ni ya kurithi. Mwaka 2016 watafiti wa Liverpool walionyesha chanzo chake: kipande cha DNA chenye herufi 21,925 kilichojipachika ndani ya jeni iitwayo cortex. Wakakadiria kilijipachika karibu 1819. Mweusi wa kwanza Manchester ameandikwa 1848, na kufikia 1895 weusi walikuwa kama 98%. Masizi hayakumpaka mtu rangi. Ndege waliondoa waliokuwa wakionekana.

Na wa madoadoa hawakuisha. Weusi hutokana na jeni tawala, yaani huonekana hata ikirithiwa kwa mzazi mmoja tu; madoadoa hutokana na jeni fifivu, inayohitaji kurithiwa kwa wazazi wote wawili. Wa madoadoa wakiwa 2 kati ya 100, kipeuo cha pili cha 0.02 ni 0.14, ambayo ndiyo sehemu ya jeni fifivu (tawala ni 0.86), hivyo 2 × 0.86 × 0.14 inakupa 0.24: nondo kama 24 kati ya 100 ni weusi waliobeba jeni fifivu. Akiba hiyo ndiyo iliyorudi baada ya Sheria ya Hewa Safi ya 1956. Caldy, karibu na Liverpool, weusi walikuwa zaidi ya 90% mwaka 1959, na katikati ya miaka ya 1990 walishuka chini ya 20%.

Mtoa hoja

Hesabu za Dorset nimezikubali. Bado nauliza: kwa nini tusitumie mfano wa kwetu? Malawi iliacha klorokwini, dawa ya malaria ambayo vimelea vilikuwa vimeizoea, mwaka 1993, na ndani ya miaka kumi vimelea vinavyouawa na dawa hiyo vilikuwa vimerudi kwa wingi.

Mchangiaji wa pili

Uwekwe, tena ukurasa huohuo! Lakini kimelea hakionekani kwa macho. Kwa nondo mwanafunzi anamwona mlaji, anayeliwa na gome, vyote kwa pamoja.

Mchangiaji wa tatu

Na anaweza kufanya mwenyewe. Tandaza gazeti mezani. Kata vipande 40 vya gazeti na 40 vya karatasi nyeusi, vyote sentimita 2 kwa 2. "Ndege" ageuze mgongo, mwenzake atawanye. Ndege ageuke, adonoe kimoja kimoja kwa sekunde 20. Hesabuni waliobaki, kila mmoja aongezewe mwenzake wa rangi yake, kisha mrudie hadi vizazi 4.

Yanayoharibu zoezi: vipande vyenye vichwa vikubwa vya habari au picha, maana vinajitangaza, ndege kukomba kwa kiganja, na kingo zilizokunjika, kwa sababu kivuli humfichua hata aliyefanana na mandhari. Nondo halisi hulaza mbawa zake zikagusa gome. Mwisho lazima mrudie kila kitu juu ya karatasi nyeusi. Bila duru hiyo hamjui kama ndege alivutwa na weusi wenyewe au na tofauti yao na mandhari, na hilo ndilo swali lililompeleka Kettlewell Dorset.

Mtoa hoja

Basi abaki, kwa masharti mawili: chini ya picha iandikwe wazi kwamba nondo wamepangwa na mpiga picha, na jedwali la Birmingham na Dorset lichapishwe lote.