Mrejesho: Gari langu lililogongwa kwa nyuma na suala la bima

Niliuliza kama nimalizane kienyeji na dereva aliyenigonga kwa nyuma au niitaarifu kampuni ya bima, kwa kuwa bampa ilikuwa na mchubuko tu. Nawashukuru sana mlionisihi nitoe taarifa mapema, maana fundi alipoifungua bampa alikuta vishikio viwili vimevunjika na bodi imebonyea kwa ndani, hasara ambayo kwa macho nisingeiona kamwe. Yule dereva naye alibadili maelezo, akadai kwamba mimi ndiye niliyerudi nyuma. Picha nilizopiga kabla magari hayajasogezwa, zikionyesha namba zote mbili, ndizo zilizonitetea. Madai nimeyaelekeza kwenye bima yake, hivyo punguzo langu la kutodai fidia, yaani nafuu ya ada ya bima anayopewa asiyedai kwenye bima yake, halijaguswa. Gari bado liko gereji.