Malindi–Watamu kwa baiskeli na watoto: trela au kiti cha nyuma?

MamaSalma
Assalamu aleikum. Agosti shule zikifungwa twataka kwenda Watamu tukipitia magofu ya Gede, tulale siku mbili, turudi Malindi. Watu wazima wawili, mtoto wa miaka 3 (kilo 14) na wa miaka 8 mwenye baiskeli yake ya inchi 20, haina gia. Mdogo apande trela au kiti cha nyuma? Na tushike lami au njia ya pwani?

Spoki36
Waaleikum salaam. Kiti, dada. Lami ya Malindi hadi Gede ndiyo barabara kuu ya Mombasa: mabasi, malori, matatu zinazochomoka ghafla kushusha abiria. Trela ina upana wa sentimita 80 hivi na magurudumu yake hayafuati njia ya lako. Ukikwepa shimo, lake linaingia. Likishuka ukingo uliomegeka kwa kasi, trela inapinduka.

Viti vingi vya nyuma hubeba hadi kilo 22, kwa hiyo uzito si tatizo. Tatizo ni spoki, zile njiti za gurudumu. Mzigo wote ukienda nyuma, huanza kukatika zile za upande wa gia, pale kwenye shingo zinapoingia habu (kitovu cha gurudumu). Fundi azikaze zote kabla ya safari. Mkibeba za akiba, pimeni kila upande, maana za upande wa gia aghalabu ni fupi kidogo. Na bila kile kifaa cha kufungulia gia za nyuma, spoki ya upande huo hamtaiingiza njiani.

Bamvua
Hapo sikubaliani. Mtoto wa miaka 3 atalala tu, na kwenye kiti kichwa kinaning'inia. Helmeti yenye kisogo kinene nayo hugonga mgongo wa kiti na kumsukuma shingo mbele. Mgongo wa baba unamzibia upepo, na joto letu mnalijua. Kwenye trela ana kivuli, na nyuma yake unaweka dumu la maji. Baiskeli ikianguka, trela yenye kiungio kinachozunguka hubaki wima. Fungeni bendera ndefu nyekundu tu.

Njia ya pwani kwa Casuarina na Mayungu, kwa trela sahauni, mchanga utawakwamisha. Kwa kiti inawezekana: tairi za 26 × 1.95 zenye upepo wa PSI 45 shusheni hadi 30. Mkishusha zaidi ya hapo, rimu itabana tyubu na mtapata pancha ya matundu mawili yanayotazamana. Wakati wa bamvua (maji makubwa), maji yakitoka, mchanga wa ufuoni huwa mgumu, lakini chumvi inakula cheni. Osheni kwa maji baridi jioni ileile, kausheni, tieni mafuta.

Mzee wa Kusi
Mwabishana juu ya mdogo, na huyu wa miaka 8 je? Inchi 20 bila gia kando ya malori, hapana. Pakieni baiskeli zote kwenye pikapu hadi Gede, kilomita 16 hivi, muanzie hapo. Gede hadi Watamu ni kilomita 6 hivi, malori machache, na hapo trela ya Bamvua ina maana. Mida Creek, ile hori yenye mikoko, pia si mbali. Msitu wa Arabuko Sokoke msiingie wenyewe. Mna ndovu mle, chukueni mwongozaji langoni.

Maji: mtu mzima nusu lita hadi robo tatu kwa saa. Madafu ni matamu lakini chumvi yake ni kidogo. Changanyeni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

MamaSalma
Pikapu ya kwenda nimeikubali. Kurudi je, twaweza kuendesha hadi nyumbani?

Mzee wa Kusi
Nyinyi wakubwa, ndiyo. Agosti ni upepo wa kusi, utawasukuma mgongoni. Watoto warudi na pikapu.

Spoki36
Kama trela itaenda, beba tyubu ya saizi yake. Nyingi ni inchi 20, kwa hiyo ya baiskeli ya mtoto huenda ikafaa. Linganisheni vali kwanza. Na mkiegesha kando ya njia geuzeni tairi, mng'oe mbigili kabla haijazama.